"Yaya, nitaanza kesho": mdogo wangu ana Exetat mwaka huu na kaye (daftari) hafungui

BARUA

Mshauri, salamu kwako na kwa wasomaji wote.

Mimi ni dada mkubwa, yaani Yaya, wa miaka 29, ninakaa Katuba hapa Lubumbashi na ninauza vitenge kwenye soko la komuni ya Kenya. Mama yetu alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo ninamlea mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 18, yuko mwaka wa nne wa humanite (sekondari ya juu), opsyo (mchepuo) ya kemia na biolojia. Mwaka huu ndio wa Exetat, mtihani wa taifa wa Kongo wa kumaliza sekondari.

Mtoto huyu si mjinga. Mwaka jana buletini yake (ripoti ya alama) ilikuwa asilimia 61. Semesta hii iliyokwisha amepata 46. Titulere wake (mwalimu msimamizi wa darasa) aliniita akanionyesha: devwari (kazi za nyumbani) tatu za kemia hakurudisha kabisa, na ya biolojia alirudisha majuma mawili nyuma ya wenzake, mwalimu akamkata alama. Niliona haya sana, maana kila jioni niko naye nyumbani na mimi ndiye ninayemwambia asome.

Nikueleze jinsi siku inavyokwenda. Anatoka shuleni saa saba mchana, anakula, analala kidogo. Saa tisa anaenda kuteka maji, bido (madumu) nne. Baadaye anakaa na rafiki zake au anatengeneza redio za majirani, na kazi hiyo anaiweza kweli, watu wanamlipa. Mimi ninafika kutoka sokoni saa kumi na mbili na kitu. Tukishakula, kama saa mbili usiku, ninamwambia akae asome. Hapo ndipo vita inaanza. Kwanza anachonga kalamu. Halafu rula imepotea. Halafu anachora upya ratiba yake ya masomo, kwa rangi tatu, Jumatatu hadi Jumamosi, kila somo na saa yake, mistari imenyooka kabisa. Akimaliza kuchora amechoka. Anafungua kaye ya kemia, anasoma kichwa cha somo, anasema kiu imemshika. Umeme ukikatika ananiambia, "Unaona, Yaya, si kosa langu." Ukirudi saa tano, yeye ameshalala. "Nitaanza kesho."

Nimejaribu mengi. Nilimnyang'anya simu, lakini walimu wanatuma masomo kwenye WhatsApp ya darasa, kwa hiyo nikamrudishia. Nilimpigia kelele. Siku moja nilimwambia mama angekuwa hai angelia, na baadaye nilijuta. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa na insha ya Kifaransa ya kurudisha asubuhi. Niliiandika mimi usiku, yeye akanakili. Akapata 15 kwa 20. Nilidhani zile alama zitampa moyo. Tangu siku ile hajaandika insha hata moja.

Sasa baba mkubwa yuko Likasi. Amesema nimpeleke huko interna (shule ya bweni), atalipa yeye, kwa sababu mimi ni mwanamke peke yangu na mtoto ananichezea. Anasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikikataa, nisimpigie tena simu kwa mambo ya mtoto huyu. Jirani yangu sokoni yeye anasema nisilipe pesa za Exetat mwaka huu, abaki nyumbani auone ubaya wake, mwaka kesho atasoma mwenyewe. Pesa hizo nimeshaziweka pembeni. Kila nikitaka kwenda kulipa, mkono unakuwa mzito.

Nikimuuliza mwenyewe ananiambia yeye hufanya kazi vizuri siku ya mwisho, ndivyo alivyo. Juma lililopita alisema pia, "Yaya, nikifungua tu ile kaye ya kemia moyo unaanza kupiga." Niliona ni visingizio kama vingine. Mshauri, huu ni uvivu? Nimpeleke Likasi, nimpumzishe mwaka, au niendelee kumsukuma?

Yaya wa Katuba

JIBU

Yaya mpendwa,

Pole kwa kumpoteza mama, na pole kwa kuwa dada na mzazi kwa wakati mmoja, huku soko nalo likikungoja kila asubuhi. Barua yako imetusaidia sana kwa sababu hukuandika tu kwamba mtoto hasomi. Umetuonyesha anavyokaa mezani, na majibu mengi yako pale.

Ninavyokusoma, una kijana ambaye mwaka jana alipata 61 na ambaye sasa kazi inamkwama mlangoni, kabla hata hajaingia. Baba mkubwa anataka kumhamisha, jirani anataka umwache aumie, na wewe umebaki na pesa mkononi na swali moja: ni uvivu au siyo?

Tulichunguze hilo kwanza, maana mengine yote yanasimama juu yake. Mvivu hateki bido nne za maji kila siku, wala hatengenezi redio za watu mpaka wakamlipa. Na mtu asiyejali shule hachori ratiba kwa rangi tatu. Anayejali na bado haanzi ana shida ya aina nyingine. Mwaka 2007 Piers Steel, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary huko Canada, alikusanya tafiti nyingi sana kuhusu tabia ya kuahirisha kazi. Yaliyojitokeza kwa nguvu yalikuwa haya: kazi yenyewe inamchukiza mtu, mtu haamini kwamba ataiweza, faida yake iko mbali, na mtu anavutwa upesi na kilicho karibu. Pima kwa mdogo wako. Redio ya jirani inalia leo na pesa inaingia leo. Kemia italipa mwezi wa saba, kama italipa.

Miaka sita baadaye watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliongeza jambo ambalo linagusa moja kwa moja ile sentensi uliyoiona kuwa kisingizio. Walieleza kwamba anayeahirisha, mara nyingi, anakimbia hisia mbaya ambayo kazi inamletea. Akifunga kaye, moyo unatulia papo hapo. Utulivu ule ndio unaomfundisha kukimbia tena kesho, na kesho kutwa. Kwa hiyo "moyo unaanza kupiga" ndiyo habari kubwa kuliko zote katika barua yako, na ni yeye mwenyewe amekupa. Kelele, au kumtaja mama, inazidisha kile kile anachokikimbia. Sisemi hivi ili kukulaumu, mzazi yeyote aliyechoka angefanya hivyo. Ninasema ili ujue kwa nini haikufanya kazi.

Lakini kuna swali ambalo ningependa mlijibu kabla ya kushika njia yoyote: je, anaogopa kitu anachokijua, au kuna kitu hakijui na ameona haya kusema? Ni mambo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti. Kijana aliyekosa msingi mmoja wa mwaka wa pili au wa tatu anaweza kuahirisha kemia mwaka mzima, kwa sababu kila zoezi linamkumbusha tundu lile. Unaweza kulitafuta wewe mwenyewe, hata kama kemia umeisahau. Mpe zoezi fupi, kwa mfano: gramu 4 za NaOH (soda kaustiki) zimeyeyushwa katika maji mpaka kupata mililita 250 za mchanganyiko, tafuta konsentresheni yake, yaani ni moli ngapi (moli ni kipimo cha wingi wa kemikali) ziko katika lita moja. Mwambie asilimalize. Aandike tu hatua, huku anakueleza kwa mdomo, dakika kumi, na wewe ukae kimya uangalie kalamu inasimama wapi.

Hatua ni nne. Kwanza anaandika anachopewa na anachoulizwa. Pili anatafuta uzito wa moli moja: Na (sodiamu) ni 23, O (oksijeni) ni 16, H (hidrojeni) ni 1, jumla 40. Tatu anagawa 4 kwa 40, anapata moli 0.1. Nne anageuza mililita 250 kuwa lita 0.25, kisha anagawa 0.1 kwa 0.25, jibu ni moli 0.4 kwa lita. Kalamu ikisimama kwenye hatua ya pili, hajui kutumia jedwali la elementi au hajui moli ni nini, na hapo anahitaji mwalimu wa kurudi naye nyuma, saa kadhaa tu, pengine mwanafunzi wa chuo anayekaa mtaani kwenu. Ikisimama kwenye kugeuza mililita kuwa lita, hilo ni la dakika kumi. Akizipita zote nne bila shida, basi kemia anaijua, na kinachomkwamisha ni kuanza. Fanyeni hivyo hivyo kwa hesabu na fizikia. Andika pembeni mahali kalamu iliposimama na umpelekee titulere. Mwalimu akiambiwa "hasomi" hana la kufanya. Akiambiwa "anakwama kwenye moli" anajua ukurasa wa kumrudisha.

Sasa tutazame saa. Umetuambia anatoka shuleni saa saba, na vita inaanza saa mbili usiku. Nyote wawili mmekubali, bila kuambizana, kwamba kusoma ni kazi ya usiku. Lakini saa mbili usiku amechoka, wewe umechoka zaidi, tumbo limejaa, na umeme uko au hauko. Ukikatika, anapata sababu ambayo hata wewe huwezi kuipinga. Mwanga wa bure upo mpaka karibu saa kumi na mbili jioni. Mkilisogeza somo moja tu, lile gumu kuliko yote, likakaa mara baada ya maji, mmeondoa umeme kwenye mazungumzo. Usiku ubaki wa vitu vyepesi, kama kunakili somo au kupanga mfuko wa shule.

Shida ni kwamba saa tisa wewe uko sokoni. Kwa hiyo mwanzo lazima uwe mdogo kiasi kwamba hahitaji polisi. Hapa ndipo ratiba ya rangi tatu inapomdanganya. Imeandikwa "Kemia, saa 10 hadi saa 12." Hiyo si kazi, ni wingu. Mkono haujui uguse nini. Badala yake aandike sentensi moja kwenye kikaratasi, akitaja jambo atakalokuwa ametoka kulifanya na tendo la kwanza: "Nikishatua bido ya mwisho, nitakaa nje karibu na mlango, nitafungua kaye ya kemia ukurasa fulani, nitaandika kinachotolewa katika zoezi la 3." Kupanga kwa namna hiyo, jambo fulani likitokea nitafanya tendo fulani, kumechunguzwa sana na kunasaidia watu kuanza kuliko nia njema peke yake, kwa sababu uamuzi umeshafanyika kabla uvivu au woga haujafika.

Muda uwe dakika 15, si saa mbili. Wengi wanapendekeza 25 na mapumziko ya 5, na ni kipimo kizuri kwa mtu aliyezoea. Kwa aliyekuwa anakimbia miezi, 25 ni nyingi mwanzoni. Dakika 15, ainuke, anywe maji, atembee uani dakika 5, arudi kwa 15 nyingine. Basi. Vipindi viwili kwa siku katika juma la kwanza vinatosha kabisa. Najua ukifikiria Exetat utasema hiyo ni kidogo. Ni kidogo, ndiyo. Lakini sasa hivi anafanya sifuri, na ni afadhali nusu saa ya kweli kwa siku tano kuliko saa kumi zilizochorwa ukutani. Juma la pili viwe vitatu, la tatu vinne. Akiwa anataka kuendelea baada ya kengele, aendelee. Asilazimishwe.

Kuna jambo la kumalizia kila kipindi: kabla ya kufunga kaye, aandike mstari mmoja wa kinachofuata. "Kesho: hatua ya 3 ya zoezi la 5." Anayejua pa kuingilia haanzi upya na kichwa cha somo, na umeona mwenyewe kwamba kichwa cha somo ndicho kinachomfukuza. Kuhusu simu, afungue WhatsApp ya darasa, anakili devwari kwa mkono kwenye kikaratasi, dakika tano, kisha simu iende kwa mtu mwingine, au izimwe na kuwekwa chumba kingine. Ikiwa mezani imegeuzwa uso chini, bado iko mezani.

Na kusoma kwenyewe kuwe kufanya. Wanafunzi wengi hurudia kusoma kaye mara nne na kuona wamejua. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na wale waliojipima bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya juma moja waliojipima walikumbuka zaidi, kwa tofauti kubwa. Kwa mtu wa Exetat hii ina maana ya itemu (maswali ya kuchagua jibu) za miaka iliyopita: achukue kumi, afunike majibu, ajibu zote kwa kalamu, ndipo asahihishe. Alizokosa zinaandikwa kwenye ukurasa wake maalumu na kurudiwa baada ya siku mbili, kisha baada ya juma. Itemu kumi zina faida nyingine kwa anayeahirisha: zina mwisho. Unajua umebakiza tatu.

Nimebakiza insha, na hapa nitakaa kidogo, maana jaribio la insha la Exetat huja kabla ya siku za itemu. Ulimwandikia kwa upendo. Angalia kilichotokea lakini. Alipata 15 ambayo si yake. Insha itakayofuata, ikipata 9, mwalimu atauliza kulikoni, na wenzake watajua. Zile alama hazikumpa moyo, zilimwekea kizingiti ambacho hawezi kukiruka. Njia ya kutoka ni kumpa ruhusa ya kuandika vibaya. Achukue mada ya zamani, asome mara mbili na kupigia mstari maneno mazito, dakika tano. Aandike mawazo sita bila mpangilio, kwa Kiswahili kama Kifaransa kinamchelewesha, dakika kumi. Achague matatu, kila moja alipe mfano wa hapa Lubumbashi ambao ameuona. Hapo afunge kaye. Siku ya pili aandike aya moja tu ya kati. Utangulizi uje mwisho. Ndio unaowakalisha vijana saa nzima wakitafuta sentensi ya kwanza nzuri. Aya hiyo ampelekee mwalimu wa Kifaransa ikiwa mbaya vile ilivyo, na mwambie mdogo wako wazi kwamba hutamwandikia tena, na kwamba 9 yake mwenyewe itakupendeza. Mwambie ukiwa umetulia, siku ambayo hamjagombana.

Kuhusu "mimi hufanya kazi vizuri siku ya mwisho", usibishane naye sana. Kuna ukweli ndani yake: siku ya mwisho hofu ya kutorudisha inaishinda hofu ya kuanza, ndiyo maana anaweza. Lakini muda wa kukosea na kusahihisha haupo tena, na Exetat inauliza mambo ya miaka mingi, hayaingii usiku mmoja. Kinachosaidia ni kuwa na siku za mwisho nyingi ndogo, na mtu upande wa pili. Watafiti Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walichapisha mwaka 2002 jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, waliopewa maandishi matatu ya kusahihisha makosa. Waliopangiwa tarehe zilizoachana sawasawa walifanya vizuri kuliko waliojichagulia tarehe zao, na wale ambao kazi zote tatu ziliruhusiwa kungoja siku ya mwisho walifanya vibaya kuliko wote. Mwombe titulere kitu kidogo: kila Jumatano na kila Jumamosi mdogo wako amwonyeshe ukurasa mmoja. Asisahihishe, atie saini tu. Walimu wengi watakubali, ni dakika moja. Titulere akishindwa, mwanafunzi mwenzake makini anaweza kufanya kazi hiyo, mradi wakae wawili. Wakiwa watano ni maongezi.

Nikuonye kuhusu yatakayoharibika, ili usikate tamaa. Siku nne za mwanzo zitakwenda vizuri na utafurahi, na furaha itakushawishi umwongezee saa. Usimwongezee. Juma la pili maji hayatatoka, atarudi na bido saa kumi na moja, siku itapotea, na kesho yake ataona mpango umekufa. Muwe na toleo la siku mbaya: kipindi kimoja cha dakika 15 na itemu tatu, hata kwa taa ya simu. Akiruka siku nzima, neno lako la kwanza lina uzito. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, Canada, waliona kwamba wanafunzi waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa na mtihani wa kwanza walipunguza kuchelewa walipojiandaa na wa pili. Kwa hiyo "jana ilipita, leo unaanzia zoezi gani?" itamsaidia kuliko hesabu ya siku alizopoteza.

Sasa njia tatu ulizoziweka mbele yetu.

Interna ya Likasi ina faida ya kweli: saa za kusoma zimepangwa, wote wanakaa pamoja, hakuna redio wala marafiki. Kwa kijana anayevutwa na vitu vya karibu hiyo inaweza kusaidia. Lakini uliza mambo mawili kabla. La kwanza, mtahiniwa wa Exetat anaandikishwa kupitia shule yake, kwa hiyo nenda kwa prefe (mkuu wa shule) umuulize kama jina lake limeshapelekwa, na kuhama katikati ya mwaka kunamaanisha nini kwa faili lake. La pili, kama kinachomkimbiza ni tundu la msingi, atalibeba mpaka Likasi, na huko atakaa mbele ya kaye saa mbili kila jioni akiwa na moyo ule ule unaopiga, mbele ya watu asiowajua. Na ameshampoteza mama. Kuondolewa pia nyumbani kwa Yaya, kama adhabu, ni tofauti sana na kwenda kwa hiari yake.

Kutolipa Exetat nako kuna upande wake. Pesa ni zako, umezitoa kwenye vitenge, na una haki ya kuogopa kuzipoteza. Mwaka wa kupumzika unaweza kuwa na maana ukiwa na mpango: anarudia mwaka shuleni, au ana mwalimu na tarehe. Bila hayo, mwaka mtupu ndio uwanja mpana kuliko wote kwa mtu anayeahirisha. Na akija baadaye kama otodidakte (mtahiniwa asiye na shule), atajiandaa peke yake, jambo ambalo hata leo halimwendei vizuri akiwa na walimu. Kuna hatari nyingine: pesa ikiwa fimbo, kila akifungua kaye ataona deni.

Kumsukuma kama zamani umeshaona mwisho wake, na kunawachosha wote wawili. Hayo niliyoeleza juu ni kumsukuma kwa namna nyingine, na nayo yana gharama: yanataka umwombe titulere, uvumilie alama ndogo kwa muda, na uendelee kuuza vitenge mchana bila kujua kama kweli amekaa saa kumi.

Kwa baba mkubwa, si lazima jibu liwe ndiyo au hapana leo. Amejitolea kulipa, na hilo ni jambo la heshima. Unaweza kumpigia na kusema, "Baba mkubwa, asante kwa kutuwaza. Nimezungumza na titulere, tumempangia kijana majuma manne. Naomba nikuletee matokeo ya intero (majaribio ya darasani) zake, halafu tuamue pamoja." Ukitaka, mpe nafasi ndani ya mpango: kila Jumapili jioni kijana ampigie simu amwambie amefanya itemu ngapi. Mzee aliyepewa kazi mara nyingi hupunguza masharti. Inawezekana pia akakasirika hata hivyo, na wewe ndiye unayemjua.

Jambo la afya nisiliache. Umesema alama zimeanguka mwaka huu, na msiba una miaka miwili. Huzuni ya kijana haifuati kalenda. Angalia kama analala usiku, kama bado anafurahia redio na rafiki zake, kama anakula. Akianza kuacha hata vitu alivyovipenda, au akisema maneno ya kuchoka na maisha, peleka hilo kituo cha afya haraka, kabla ya habari za shule. Kama tangu utoto alikuwa hawezi kutulia na kitu kimoja hata alichokipenda, mwambie daktari pia. Na apimwe macho. Kuumwa kichwa au kope kuwa nzito kila akifungua kaye kunaweza kumaanisha anahitaji miwani tu.

Mwisho, katika barua yako tumemsikia baba mkubwa, jirani, titulere na wewe. Yeye tumemsikia mara chache tu, na ana miaka 18. Jumapili hii, mchana, si usiku, mweleze njia zote tatu jinsi zilivyo, ukiweka wazi pesa na masharti ya baba mkubwa. Usimuulize kwa nini haanzi, hilo ameshaulizwa mno. Muulize ni ukurasa gani wa kaye ya kemia akifika moyo unapiga, na kama angechagua mtu mmoja wa kukaa naye kwenye ukurasa huo, angekuwa nani. Ukipata nafasi, tuandikie alichojibu, pamoja na mahali kalamu iliposimama kwenye lile zoezi la NaOH.